Kutembelea mji mwenyeji wa mashindano ya soka bila tiketi: hoja za pande mbili

Kila yanapokaribia mashindano makubwa ya soka, ushauri ule ule hutolewa: kama huna tiketi, baki nyumbani utazame kwenye televisheni, na kama ulikuwa umepanga kuutembelea mji mwenyeji kwa sababu nyingine, ahirisha safari hadi wageni wa soka waondoke. Ushauri huu una hoja zake, nazo si za kubezwa. Hata hivyo umejengwa juu ya dhana moja isiyochunguzwa vya kutosha, kwamba mashindano yamo ndani ya uwanja na kwamba aliyebaki nje amekosa kilichompeleka huko.

Wanaoshauri mtu asiende huanza na gharama, na hapo wana haki. Bei za vyumba hupanda mara tu droo inapofanyika na mashabiki wanapojua timu yao itacheza wapi. Wenye nyumba za kupangisha huwakataa wageni wa usiku mmoja au miwili. Nauli za ndege nazo hufuata mkondo huohuo. Kisha kuna usafiri wa ndani. Juni 16, 2024, baada ya England kucheza na Serbia mjini Gelsenkirchen katika michuano ya Euro, mashabiki wengi walikwama kwa muda mrefu wakisubiri tramu na treni za kuwaondoa uwanjani, na hilo lilitokea Ujerumani, nchi ambayo wengi walitarajia reli zake zimudu kazi hiyo.

Lililo zito zaidi ni usalama. Januari 24, 2022, watu 8 walifariki katika msongamano kwenye lango la uwanja wa Olembe, Yaoundé, kabla ya mechi ya Kameruni na Komoro katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Miezi sita kabla ya hapo, Julai 11, 2021, watu wasio na tiketi walivamia malango ya uwanja wa Wembley, London, siku ya fainali ya Euro kati ya England na Italia, na uchunguzi ulioongozwa na Baroness Louise Casey ulikadiria kwamba takribani 2,000 kati yao walifanikiwa kuingia. Raha ya safari haiwezi kuwekwa kwenye mizani moja na uhai wa mtu, na yeyote anayewahimiza watu kusafiri bila tiketi anapaswa kuyajibu matukio haya kabla ya jambo lingine lolote.

Jibu langu linaanzia mahali yalipotokea. Yote matatu yalitokea uwanjani au kwenye njia zake, na waliokwama Gelsenkirchen walikuwa watu waliotoka kutazama mechi. Kilichofanyika Wembley kinafundisha kwamba asiye na tiketi hana shughuli yoyote karibu na lango la uwanja siku ya mechi, na hili halina mjadala. Kinafundisha pia jambo linalosahaulika: masharti ya korona yalikuwa yameiacha London na nafasi chache mno za wazi za kutazamia mechi kwa pamoja, hivyo watu waliotaka kuwa karibu na fainali hawakuwa na pengine pa kwenda. Mji unapokosa kuandaa mahali pa wasio na tiketi, watu hao hawatoweki, hujipangia wenyewe.

Ushahidi wa kinyume chake unapatikana katika Kombe la Dunia la 2006 nchini Ujerumani. Miaka minne kabla yake, umati wenye mavazi mekundu uliojaa mbele ya ukumbi wa jiji la Seoul ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba soka linaweza kutazamwa barabarani na watu wengi kuliko wanaotosha uwanjani. Wajerumani walilipangia jambo hilo. Miji yote 12 iliyoandaa mechi ilitenga maeneo ya wazi yenye skrini kubwa, na mjini Berlin barabara ya 17 Juni ilifungwa kwa magari kuanzia Lango la Brandenburg kuelekea Mnara wa Ushindi ili iwe ya mashabiki. Mwisho wa mashindano, hesabu ya viwanjani ilikuwa takribani watazamaji milioni 3.36 kwa mechi zote 64. Hesabu ya FIFA ya waliofika katika maeneo ya wazi ilizidi milioni 18.

Tarakimu hizi mbili hazifai kulinganishwa bila tahadhari. Ya kwanza imetokana na viti na tiketi. Ya pili imetokana na makadirio ya watu waliokuwa wakiingia na kutoka bila tiketi yoyote. Mtu mmoja aliyekwenda barabara ya 17 Juni kwa siku kumi anaweza kuwa amehesabiwa mara kumi, ingawa hata uwanjani mtu aliyetazama mechi tatu amehesabiwa mara tatu. Wengi wao walikuwa Wajerumani wenyewe, wala si wageni waliosafiri. Na waandaaji wa shughuli yoyote hupenda kutangaza umati mkubwa. Basi tuipunguze hesabu hiyo kwa nusu: zinabaki milioni 9, ambazo bado zinakaribia mara tatu ya waliokaa uwanjani. Tuipunguze kwa theluthi mbili: milioni 6, na bado walio nje wanakaribia kuwa mara mbili ya walio ndani. Kwa namna yoyote utakayoihesabu, watu wengi zaidi waliliishi Kombe la Dunia lile katika barabara na viwanja vya wazi kuliko katika viti. Kwa hiyo kumwambia mtu asiye na tiketi kwamba atakosa mashindano ni kumpa taarifa isiyo sahihi.

Hofu ya vyumba kujaa nayo huwa imetiwa chumvi. Kabla ya Kombe la Dunia la 2010, makadirio ya awali yaliiahidi Afrika Kusini wageni zaidi ya 400,000 kutoka nje. Baada ya mashindano, shirika la utalii la nchi hiyo lilitaja wageni 309,554 waliokuja kwa sababu ya soka. Wakala wa malazi wa FIFA alikuwa amekwisha kurudisha sokoni vyumba vingi vilivyokosa wateja, jambo lililojirudia Brazili mwaka 2014. Wakati huohuo watalii wa kawaida hukimbia. London ilipoandaa Olimpiki mwaka 2012, vivutio vyake vingi viliripoti kwamba wageni wamepungua badala ya kuongezeka. Onyo la kukaa mbali, likisikilizwa na wengi, huacha mji ukiwa na nafasi. Sidai kwamba kila mtu asubiri hadi siku ya mwisho kutafuta chumba, kwa kuwa mji wenye fainali hauna huruma kwa aliyechelewa. Nadai tu kwamba bei inayotangazwa miezi kumi kabla ni bei ya matarajio, na matarajio hayo mara nyingi hushuka.

Kuna hoja ya wenyeji, ambayo kwangu ndiyo ngumu kuliko zote. Mashindano huja na mipaka ya kibiashara inayowalinda wadhamini na kuwasukuma pembeni wachuuzi waliokuwa hapo siku zote. Mjini Salvador, Brazili, wanawake wanaouza akaraje, yaani bajia za kunde za mtaani, walilazimika kuendesha kampeni ndipo baadhi yao wakaruhusiwa kuuza katika eneo la uwanja wa Fonte Nova. Mgeni anayenunua kila kitu ndani ya uzio rasmi anaushiriki mpangilio huo. Lakini mgeni asiye na tiketi ndiye mwenye nafasi kubwa zaidi ya kutembea, kula mitaani na kutazama mechi pamoja na wakazi. Cape Town mwaka 2010, njia ya mashabiki ya kilomita chache kutoka katikati ya jiji hadi uwanja wa Green Point ilijaa watu waliokuja kuitembea tu, wengi wao wakiwa hawana tiketi na wengi wakiwa wenyeji wa jiji hilohilo.

Ziko nchi ambazo ushauri wa kubaki nyumbani ni sahihi kwa sababu sheria yenyewe imeamua. Urusi mwaka 2018 iliwaruhusu wenye kitambulisho cha shabiki kuingia bila viza na kusafiri bure kwa treni maalumu kati ya miji, lakini kitambulisho hicho kilifungamana na tiketi. Qatar mwaka 2022 ilikwenda mbali zaidi: wasio na tiketi waliruhusiwa kuingia kuanzia Desemba 2 tu, siku ya mwisho ya hatua ya makundi. Sababu iliyotolewa, kupunguza msongamano katika nchi ambayo viwanja vyote 8 viko Doha au karibu nayo, inaeleweka. Gharama yake haikujadiliwa. Utajiri mkubwa wa mji mwenyeji uko katika siku zile za mwanzo, mataifa yote yanapokuwa bado yana matumaini na mashabiki wa nchi zisizowahi kukutana wanashiriki mabehewa ya metro. Desemba 2 ilipokwisha, mataifa 16 yalikuwa yametolewa, na mashabiki wao walikuwa wakielekea uwanja wa ndege.