Maji Yasomewa, Tena Lamu Kuliko Kwingine

Binti ya dada yangu ameitwa chuo kikuu kusomea haidrolojia na rasilimali za maji. Habari ilipofika barazani, jirani yetu mmoja, mzee ninayemheshimu sana, akauliza: "Miaka minne? Kwani maji yasomewa? Si kufungua bomba tu?"

Yasomewa, mzee wangu. Na kama kuna mahali pa kuyasomea, ni hapa.

Kisiwa chetu hakina mto. Maji ya mji wa Lamu yanatoka visima vya Shela, chini ya yale matuta ya mchanga ambayo wageni huyapanda kupiga picha. Masika yakinyesha, mchanga huimeza mvua papo hapo, hata dimbwi hulioni. Maji hushuka polepole mpaka yakutane na ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ni mepesi, ya chumvi ni mazito, basi yale baridi huelea juu. Tunachokunywa ni tabaka la mvua iliyokaa juu ya bahari.

Wataalamu wawili, Badon Ghijben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, kila mmoja kwa wakati wake, waliipigia hesabu hali hii zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 chini yake. Furaha, siyo? Sasa igeuze. Ukivuta maji mpaka kimo kishuke sentimita 25 tu, na kikae hapo, chumvi itapanda karibu mita 10.

Hesabu hiyo mimi niliijua kwa ulimi kabla ya kuijua kwa kalamu. Ukoo wetu ulichanga pesa tukachimbiwa kisima. Fundi alishuka chini kadiri alivyoweza, akiamini kina ndiyo baraka, na pampu ikawa inanguruma kutwa. Mwanzo maji yalikuwa matamu. Halafu asubuhi moja mama akatia maziwa kwenye chai, yakakatika. Sabuni nayo ikagoma kutoa povu. Mama alionja kwa ncha ya ulimi, akatema, akamwaga sufuria nzima uani bila neno. Hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa amepima chochote, wala kabla wala baada.

Ndiyo maana sikubali masomo haya yaitwe ya kufungua mabomba. Huyu binti atasoma hisabati na fizikia, jiolojia na kemia ya maji. Atakutana na Henry Darcy, aliyepitisha maji kwenye mchanga kule Dijon, Ufaransa, na mwaka 1856 akatoa kanuni inayoeleza kasi ya maji ndani ya mchanga. Mchanga wa Shela nao unaitii.

Wazee wetu hawakuwa wajinga wa jambo hili. Visiwani walijenga majabia ya kukinga mvua. Ng'ambo pale kisiwa cha Manda, mji wa Takwa ulihamwa zamani, na wengi husimulia kwamba visima viligeuka chumvi, watu wakavuka kuja Shela. Sisi tukivuka, tutaenda wapi? Bandari ya Lamu ilifunguliwa 2021, watu wanaongezeka, na kila anayejenga juu ya matuta anaziba mdomo tunaonyweshewa. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inatupa haki ya maji safi na ya kutosha. Haki hiyo haiwezi kulindwa na watu wasiojua kimo cha maji kiko wapi mwezi huu.

Naomba mawili. Vyuo visifundishe mito na mabwawa tu, wanafunzi waletwe wapime visiwani, wakati wa bamvua, bahari ikijaa na kupwa sana, na wa maji mafu, ikijaa na kupwa kidogo. Na kaunti iwape vijana hawa nafasi za mafunzo kazini, ifadhili karo zao, iwape na daftari za visima wazisome.

Juzi binti alinikuta kisimani na utepe wa kupimia, jiwe limefungwa nchani. "Mjomba, shika hapa." Akaushusha mpaka jiwe likagusa maji, akausoma, akaandika namba na saa, na hali ya bahari: imejaa. "Jioni tutapima tena ikipwa," akasema, akafunika kisima.