Mwacheni Chamchanga Ale

Akionekana chamchanga mgeni, ndege wa pwani ambaye kwao ni bara jingine kabisa, habari huenea kwa simu kabla maji hayajajaa. Watazamaji wa ndege huomba ruhusa kazini, wengine huendesha gari usiku kucha. Nawaelewa, maana mimi ni mmoja wao. Linaloniuma ni zile hatua kumi za ziada tunazopiga kumsogelea ili picha itoke safi.

Mara nyingi mgeni huyu ni kinda la mwaka huohuo. Utamjua kwa manyoya ya mgongoni yenye kingo nyeupe, yamepangana kama magamba ya samaki. Kwa aina nyingi za chamchanga wanaozaliana Aktiki, kaskazini ya mbali kabisa ya dunia, wazazi hutangulia kuondoka, na watoto hufuata baadaye bila kiongozi, wakitegemea mwelekeo waliozaliwa nao. Dhoruba ikimkumba baharini, au dira hiyo ya ndani ikikosea, hutua pwani asiyoijua.

Na safari zenyewe ni nzito. Mwaka 2022, kinda la chamchanga wa aina iitwayo kitaalamu Limosa lapponica, la miezi mitano hivi, liliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kisiwa cha Australia, bila kutua: kilomita 13,560 kwa siku 11. Kabla ya kuondoka, ndege hawa hujilimbikizia mafuta na matumbo yao hunywea ili mzigo upungue. Anayetua baada ya mwendo kama huo amebaki mifupa na manyoya. Anachohitaji ni tope lenye minyoo, na kuachwa ale.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: ndege akiacha kudokoa na kuinua shingo, tumeshakaribia mno. Turudi nyuma. Darubini tumebeba za nini? Tena ukikaa chini ukatulia, mara nyingi yeye mwenyewe husogea akila.

Kuna mmoja sijamsahau. Alikuwa akikimbia, anasimama, anadokoa, anakimbia tena, na maji yalikuwa yameanza kujaa. Mwenzetu mmoja akajitenga na kundi, ameinama na kamera yake. Ndege akaruka. Alipotua tena, akafuatwa. Sisi wengine tulinyamaza, nami nikiwemo. Mara ya nne aliporudi, tope lote lilikuwa limefunikwa. Akasimama juu ya jiwe kwa mguu mmoja, mdomo ameuficha ubawani, akingoja maji yapwe.