Msipime farro ikiwa na ganda

Kuna makala inayolinganisha mavuno ya farro, aina ya ngano ya kale, ya Garfagnana, Italia, na ya ngano ya kawaida, kilo kwa kilo. Hapo mwandishi amekosea. Ngano ya kawaida ukiipura, punje hutoka tupu. Shuke la farro hukatika vipande vipande, na kila kipande kwa kawaida hubaki na punje mbili zilizobanwa ndani ya ganda gumu, ambazo hazitoki bila mashine ya kukobolea. Katika kilo 100 kutoka shambani, kama 30 hivi ni makapi. Linganisheni baada ya kukoboa!

Mbegu nayo hupandwa na ganda lake, maana kukoboa hujeruhi kiinitete na mbegu nyingi hazioti. Tatizo ni kwamba vipande hivyo ni vyepesi na havitiririki vizuri, huziba mirija ya mashine ya kupandia. Punguza mwendo, panua tundu, na uteremke kukagua mara kwa mara.

Na jamani, mbolea ya naitrojeni isizidishwe. Bua lake ni refu, hupita mita moja. Likishibishwa, mvua moja yenye upepo hulilaza chini na masuke huanza kuoza. Udongo hafifu wa milimani unaitosha.