Hisa za macho ya angani, tukiwa Goma

Shemeji yangu anauza vipuri vya pikipiki Birere, hapa Goma. Juzi alinionyesha simu: hisa za Planet Labs, kampuni ya Marekani inayopiga picha dunia kutoka angani. "Shemeji, hawa wanatuona kila siku. Tuweke makuta."

Kutuona wanatuona. Satelaiti zao ndogo hupiga karibu nchi kavu yote kila siku, na nukta moja ya picha ni kama mita 3 ardhini. Lori kubwa ni doa, chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya mizigo, haionekani.

Thamani ya kazi hiyo siibishii. Volkano yetu ya Nyiragongo ilipopasuka Mei 22, 2021, lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege. Siku tano baadaye tukaambiwa tuhame, barabara ya Sake ikajaa magodoro vichwani. Rada za satelaiti zilikuwa zimeonyesha ardhi inatanuka, magma, mawe yaliyoyeyuka, imejipenyeza chini ya mji hadi chini ya ziwa. Ila Sentinel-1, rada ya Ulaya iliyotusaidia, picha zake ni za bure, tena inapenya mawingu. Kamera za Planet hazipenyi, na mawingu ya Kivu mnayajua.

Basi nani analipa? Hasa serikali na majeshi. Machi 2025 Marekani iliikatia Ukraine kwa muda picha za satelaiti ilizokuwa ikiipa. Ulaya ikashtuka, na Julai Planet ikatangaza mkataba wa euro milioni 240 unaolipiwa na Ujerumani. Hapo shemeji ana hoja nzito: hofu ya wakubwa ni soko.

Lakini hisa ina hesabu zake. Iliingia soko la hisa la New York Desemba 2021 kwa karibu dola 10, mwaka 2024 ikashuka chini ya 2, ikavuka 10 tena mwaka 2025. Na satelaiti hizo huisha baada ya miaka michache, zingine zirushwe. Nikamwambia ni pikipiki inayokula matairi. Hiyo aliielewa haraka.

Benki za hapa zilifunga Januari 2025, kwa hiyo anataka kupitisha dola kwa rafiki wa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda. Mimi nisingethubutu, hisa ingekuwa kwa jina la nani?

Nikamfungulia picha za bure za Sentinel-2, satelaiti za Ulaya zenye kamera, tukatafuta kiwanja chake Buhene. Lava nyeusi tu, paa halitambuliki.

"Za kulipia zingelionyesha?"

Labda nukta mbili tatu nyeupe. Akanyamaza, akarudi kwenye vipuri vyake.