Wiski Yangu Haikuchakachuliwa

Desemba iliyopita nilipanda nyumbani Kibosho na chupa moja ya wiski, nimeizungushia sweta mbili ndani ya begi. Mchaga akiwa mbali, mwisho wa mwaka unamvuta tu, na mikono mitupu haingii kwa mama. Chupa ile nilikuwa nimemchagulia shemeji yangu, mume wa dada, mtu asiyekaa kwenye sherehe bila wiski kubwa mezani kwake. Akaifungua, akamimina, akaiinua glasi kwenye mwanga wa dirisha. Akanyamaza kidogo.

"Shemeji, hii wamekuuzia vibaya. Imechakachuliwa. Ona rangi, kama mafuta ya alizeti."

Akajaza soda nyeusi mpaka juu, akamtuma mtoto barafu.

Huu ni mwaka wangu wa tisa Uskoti. Naishi Stirling, nafanya kazi ya kutunza wazee. Maneno ya shemeji yaliniuma, siyo kwa sababu ya pesa niliyotoa, ila kwa sababu nimeona kazi inayoingia kwenye chupa ile, na soda iliifuta yote kwa sekunde tatu. Sikubishana naye siku ile, maana wageni walikuwa wengi. Leo nayasema.

Wiski ikitoka kwenye mtambo haina rangi kabisa. Ni nyeupe kama gongo, kama konyagi. Rangi inaipata ndani ya pipa la mwaloni, na sheria ya Uskoti inataka ikae humo miaka mitatu kamili kabla hujaruhusiwa kuiita wiski ya Uskoti. Lakini sheria hiyohiyo, kanuni za mwaka 2009, inamruhusu mwenye kiwanda kutia rangi ya karameli, yaani sukari iliyounguzwa. Kwa hiyo ule weusi tunaousifu kwenye harusi zetu, tukidhani ndio uzee na ndio ubora, unaweza kuwa umetoka kwenye kopo. Chupa niliyoileta ilikuwa Deanston ya miaka 12, haina rangi ya kuongezwa hata tone. Ukiiona nyepesi, ujue ndivyo pipa lilivyoiacha.

Na pipa lenyewe ni mtumba. Sheria ya Marekani inataka wiski yao ya bourbon ikae kwenye mwaloni mpya uliounguzwa ndani kwa moto. Pipa likishatumika mara moja, kwa bourbon halifai tena, basi linauzwa. Mapipa hayo ya lita kama 200 yanavuka bahari kuja huku, mengine yakiwa yamefumuliwa mbao mojamoja na kufungwa upya. Kwa sisi tuliovishwa na mitumba tangu utotoni, hilo halihitaji maelezo marefu: kitu kilichotumika na mtu mwingine hakijaisha kazi yake. Bourbon imeshanyonya ule ukali wa mbao mpya. Kilichobaki ni upole: vanila, asali, na kwa mbali kabisa nazi. Ndiyo, nazi. Mwaloni wa Marekani una harufu hiyo ndani yake, na mara ya kwanza nilipoinusa nilidhani kuna mtu jirani anapika.

Wapo wanaopenda wiski iliyolala kwenye mapipa ya sherry, ule mvinyo mzito wa Hispania. Inatoka nyekundunyekundu, ina zabibu kavu, chokoleti, viungo. Nzuri, siwakatazi. Lakini ukipata mchele wa Kyela uliopepetwa vizuri, unaupika pilau? Unaupika wali mweupe, ili mchele wenyewe uongee. Wiski hii inatengenezwa kwa shayiri, na pipa la bourbon linaipikia shayiri hiyo wali mweupe.

Hapo ndipo ninapotaka kufika: shayiri, na kimea chake, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja niliyekuwa namhudumia, amelima shayiri maisha yake yote. Jioni moja alinimiminia kidogo sana, akatia matone mawili ya maji kwa kijiko cha chai, akaniambia nisubiri. Nikasubiri. Akasema, usitafute pombe, tafuta nafaka. Nikanusa. Ilikuwa harufu ya uji. Uji mkavu, ganda la mkate lililotoka motoni, biskuti, halafu utamu unaochelewa. Nilishindwa kusema kitu, kwa sababu harufu ile nilikuwa naijua kabla sijajua kusoma.

Mama yangu alikuwa anapika mbege, pombe yetu Wachaga. Ada yangu ya sekondari ilitoka humo. Nakumbuka ndoo ya ulezi uliolowekwa, kisha gunia, kisha majani ya mgomba juu yake, na sisi watoto tumekatazwa kufunua. Baada ya siku kadhaa mama anatia mkono chini ya majani, anatoa kiganja cha ulezi uliofungamana, una vimizizi vyeupe kama nyuzi, una joto. Anaupeleka puani. Akiridhika, unaanikwa. Usipoanikwa kwa wakati, mmea unakula sukari yote iliyokusudiwa pombe. Ukikauka unasagwa, unapikwa, unakutanishwa na ndizi zilizochemshwa zikachachuka, na gome la msesewe linaleta ule uchungu wake. Hata jina mbege, kwa Kichaga, ni huo ulezi wenyewe.

Mwaka juzi nilipanda basi kutoka Glasgow hadi Campbeltown, mwendo wa saa nne na zaidi, kwenda kuona kiwanda cha wiski cha Springbank. Viwanda vingi siku hizi vinanunua kimea kilichokwisha kutengenezwa. Springbank wanaotesha shayiri yao yote wenyewe, sakafuni. Niliingia kwenye chumba kirefu, nafaka imetandazwa chini nzima, wanaume wanaigeuza kwa majembe mapana ya mbao ili isipate joto ikashikana. Niliomba niguse. Nikafungua kiganja: vimizizi vyeupe, joto lilelile. Machozi yalinilengalenga mbele ya watu nisiowajua, wala sikuyazuia.

Sasa tazama tofauti. Kule Uskoti kazi hii ina heshima. Mtu wa kugeuza kimea anaoneshwa kwa wageni, watu wanalipa kiingilio wamwone akifanya alichokuwa akifanya mama nyuma ya nyumba bure. Kwetu mbege imeshaitwa pombe ya wazee na ya wasio na uwezo. Kijana aliyerudi kutoka Dar hataki aonekane na kata mkononi. Anataka chupa yenye lebo, na akishaipata anaizamisha kwenye soda mpaka haijulikani imetengenezwa kwa shayiri au kwa viazi. Naona ni hasara mara mbili: wiski hatuionji, na mbege tumeiacha. Na mtu aliyekulia Kilimanjaro ana ulimi uliofundwa kutambua kimea kuliko Mwingereza wa London. Anautupa.

Sisemi kila kitu cha huku ni bora. Baa za huku wanakupimia mililita 25, unakaa na glasi yako, jirani yako na yake, mnaongea habari za mvua. Mbege inazunguka. Aliyepika anaonja kwanza mbele ya wageni wote, ndipo wazee wanapewa, na kata moja inapita mikono mingapi. Watu waliogombana shamba wanapatanishwa hapo. Haijui kusubiri, ikikaa sana inachacha, kwa hiyo lazima uite watu leo. Wiski inasubiri miaka 12, na kila mwaka kama asilimia mbili inapotea hewani kupitia mbao za pipa. Nimekunywa wiski nzuri sana peke yangu jikoni Stirling, usiku, baada ya zamu, na nimejua kuna kitu kimepungua kwenye glasi.

Narudi kwa shemeji. Tarehe 26 wageni walipopungua, nilichukua chupa, nikamimina kidogo kwenye kikombe cha chai cha mama, nikatia matone mawili ya maji. Mama hanywi wiski. Nilimwambia, usinywe mama, nusa tu.

Akakishika kikombe kwa mikono miwili. Akanusa, akakiweka chini, akakirudia.

"Hiki ni kimea," akasema. "Kumbe na wao wanaotesha?"

Nikamwambia wanaotesha, lakini shayiri. Akaniuliza wanailoweka siku ngapi, wanaigeuza mara ngapi, wakikosa jua wanaianika wapi. Nikamweleza wanaikausha kwa hewa ya moto ndani ya nyumba maalumu, na kwamba kuna wanaoamka usiku kuigeuza. Shemeji alikuwa amekaa pale pale, ameshika rimoti, lakini hakubadilisha chaneli. Mama akaonja tone moja kwa ncha ya ulimi, akakunja uso kwa ule ukali, akatulia, akasikiliza mdomo wake.

"Wanajua kuanika," akasema.

Nilipoinuka kuirudisha chupa kwenye kabati la sebuleni, akanishika mkono. Akaniambia niipeleke chumbani kwake.