Kilichonipeleka shule ya udereva sio gari

Mji huu wa Arusha ukiona mtu ana ajira yake, hana gari na hana mpango wa kununua gari mwaka huu, halafu ghafla anaanza shule ya udereva, usimuulize anataka gari gani, muulize kazini kukoje. Nimeshaona kwa watu kibao, kaka wa mapokezi hotelini, mwalimu wa shule ya watu binafsi, dada wa benki, na mimi nikiwemo, wote tumejikuta kwenye gari la L tukiwa na miaka thelathini na kitu, tunafundishwa klachi na kijana ambaye shikamoo anatupa yeye.

Na sababu naijua. Ukisema nyumbani umechoka na kazi unataka kuacha, hiyo ni kesi. Mama atampigia shangazi, shangazi atampigia baba mdogo wa Kibosho, na jumapili baada ya misa unakalishwa chini unaambiwa wenzako wanazunguka na bahasha hawaipati hiyo kazi, wewe unaichezea, hebu kaombewe. Ila ukisema najifunza gari, eeh, hongera sana mwanangu, hiyo ndo akili. Hamna anayeuliza kwa nini. Kwa hiyo mtu anayetaka maisha yabadilike na hajui abadilishe nini, anaenda kulipia udereva, anapata pa kwenda saa kumi na moja jioni, na ukoo unaona kijana anajiendeleza. Mi sioni ubaya, na sio unafiki. Kwetu kuchoka na kazi kunahesabiwa ni kukosa shukrani, sa mtu afanyeje zaidi ya kuchoka kwa njia inayokubalika.

Mi niko hesabu kwenye kampuni ya utalii, sio kubwa, ila ina magari yake na wageni wake. Kazi yangu ni kulinganisha invoisi za lodji, kulipia ada za hifadhi, na kuwapa madereva hela za safari kisha kuzidai risiti wakirudi. Sasa hapo kwenye risiti ndo ugonjwa wangu ulipoanzia. Dereva anaingia ofisini katoka Ndutu, vumbi mpaka kwenye kope, anaweka mezani risiti ya mafuta ya Karatu imekunjwa mara nne imekuwa kama ubani, ya maji imeloa jasho haisomeki, huku anasimulia jinsi walivyolala porini gari imenasa na mgeni mzee badala ya kulalamika akawa anaimba. Mi namuuliza, sawa kaka, na risiti ya kuziba pancha iko wapi. Anacheka anasema dada yangu, kule aliyeziba pancha ni mimi. Nimekaa miaka nawalipia watu geti la Naabi la kuingilia Serengeti, na mimi Naabi nimepita mara moja tu, safari ya wafanyakazi, nyuma ya gari, nikiwa nimeshika masufuria.

Halafu Arusha yenyewe haikuachii ukae utulie. Kuna miji mtu anaweza kuwa karani miaka thelathini na akili ikatulia, hapa kila asubuhi unapishana na Landikruza zimefunguliwa paa zinaelekea Kisongo, watu wamevaa kofia wanaenda mahali na wewe unaenda kwenye eksel. Pale Mnara wa Saa tunawaambia wageni hapa ni katikati ya Cairo na Cape Town, mji mzima tunajisifia kwamba ni nusu ya safari ya watu wengine. Na kila mtu ana fursa ya kukuambia. Saizi wimbo ni AFCON 2027, uwanja unajengwa kule Olmoti, basi jirani anajenga vyumba vya kupangisha wageni, wa pili anatafuta Noah ya kubeba mashabiki, na wewe unaulizwa umejipangaje. Nimejipanga kwenda ofisini kesho saa mbili, nimejipangaje tena.

Ila kwa wengi wetu kilichokata kamba ni 2020, mwaka wa korona, tusidanganyane. Ndege ziliposimama ndani ya wiki chache mji ukawa kama lo sizoni, ule msimu wa wageni wachache, isiyoisha, ofisi zikafunga, watu wakapewa likizo bila mshahara, madereva niliowajua wakarudi kulima nyanya Ngarenanyuki na wengine wakaanza kuuza mitumba soko la Kilombero. Wageni walirudi, kazi ikarudi, mishahara ikarudi pia kwa waliobahatika. Imani ndo haikurudi. Tangu pale kila mtu ninayefanya naye kazi ana kitu pembeni, kuku, keki, uwakala wa miamala, kiwanja Usa River anachokizungushia senyenge polepole. Wazee wanasema kizazi hiki hakitulii. Tutatuliaje wakati tulishaona kazi ya kudumu ikiisha kwa meseji ya wasap?

Basi nikaenda kujifunza gari. Manyo, maana mwalimu alisema ukianza na otomatiki hujajifunza gari umejifunza usukani, na hapo nakubaliana naye ingawa najua nusu ya mji inaendesha IST ya otomatiki na maisha yanaenda. Gari ya shule ni Corolla kuukuu, L mbele na nyuma, na upande wa mwalimu kuna breki yake. Siku za mwanzo ilikuwa ni uwanjani tu, mbele, rivasi, kuingia katikati ya fito, watoto wa mtaani wamekaa pembeni wanakufanyia uchambuzi kama wa mpira, dada kata kulia, dada utagonga, dada mpishe mwenzio.

Kilichonikamata kabisa ni mlima. Ukitokea Mianzini kupanda Ilboru njia inainuka hivi, unaelekea Meru moja kwa moja, na mwalimu anakwambia simama hapa hapa katikati. Nyuma yako kuna bodaboda imepakia mikungu ya ndizi. Unavuta handbreki, unaweka namba moja, unaanza kuachia klachi kidogo kidogo mpaka unasikia gari inatetemeka na pua inajiinua, na hapo usiwe na haraka, unaiacha itetemeke, mguu wa kulia unaongeza mafuta kidogo, ndo unashusha handbreki. Ukiwahi inazima, ukichelewa inanguruma watu wanatoka dukani kuangalia. Ikikubali hairudi nyuma hata inchi, inapanda. Aisee sijui niseme vipi, mi nimefunga mahesabu ya mwaka yakabalansi mpaka senti na sikuwahi kusikia raha ile. Kazini ukipatia hamna anayejua, ni ukikosea ndo unaitwa. Pale mlimani nimepatia na gari yenyewe imenijibu.

Mjini ni habari nyingine. Ukiwa abiria wa kifodi, daladala zetu za huku, unadhani dereva ni mwendawazimu, ukishika usukani mwenyewe unakuta ana hesabu zake. Kwenye kipilefti sheria ni moja tu, anayetoka kulia kwako mpishe, ila pale Impala jioni kulia kwako kuna watu wa Njiro wote, ukiwapisha kwa mujibu wa kitabu utalala hapo. Kifodi yeye anaingiza pua. Hapigi honi wala hakasiriki, anaingiza pua tu anaangalia mbele kama hakuoni, na wewe unafunga breki. Sio kwamba namtetea, kuna siku nimemtukana kimoyomoyo mpaka mwalimu akaniuliza mbona midomo inacheza. Nasema tu nimeelewa anafanya nini, ana hesabu ya bosi ya kupeleka jioni na kila kipilefti inamla. Na bodaboda wao wana mji wao ndani ya mji wetu, hapo sina maoni, naangalia tu saidi mira. Kuhusu wanaopiga honi wakiona mwanamke na L, nimeamua kuwachukulia kama mbwa wa mtaani, wanabweka halafu gari inapita.

Moshi ndo sehemu ya kujifunzia watu wenye roho nyepesi. Kuna siku tulienda na gari ya kaka yangu, yeye pembeni, L zimebandikwa, kilomita kama themanini za barabara ile ya Tengeru, Usa River, Boma Ng'ombe, mwendo hamsini kila kijiji na trafiki ana tochi nyuma ya mgomba, na faini yake ya elfu thelathini ikikusubiri. Ukiingia Moshi ni kama mtu kapunguza sauti ya redio. Mitaa imenyooka, watu wanasimama kwenye zebra, unapaki bila kugombana na mtu. Kaka anasema ndo maana alihama, hamna kinachotokea. Ila asisemee Desemba, Desemba wachaga tunaporudi na magari ya Dar barabara ile ile inakuwa mashindano, ovateki za kona, na hapo hata mwenye leseni ya miaka ishirini anaomba rozari ishikwe na aliyekaa mbele.

Leseni nikapata. Na hapa ndo nilipotaka kufika, maana mambo yaligeuka. Ile hongera ya ukoo kumbe ina mpaka. Nilisema tu siku moja mezani, kwa Mama, huku tunamenya ndizi, kwamba nafikiria siku za mbele niwe dereva wa watalii. Kisu kilisimama. Mama akaniuliza, dereva? Nikamwambia ndio Mama, muongoza watalii, naendesha na kuwaelezea wanyama. Akasema na shahada ya uhasibu niliyokusomesha kwa vitalu vya kahawa na ng'ombe wawili? Kwa hiyo kujua gari ni akili, kuendesha gari kwa mshahara ni kushuka. Na sio Mama peke yake, ofisini kwetu wanasema hivyo hivyo, yule ni dereva tu, wakati hai sizoni wageni wakiandika sifa kwenye mtandao wanamtaja dereva kwa jina, na mi nayebalansi vitabu hamna anayejua kama nipo. Arusha nzima inakula kwa mikono ya madereva, kuanzia mama wa chapati anayewapikia alfajiri mpaka fundi wa springi Unga Limited, halafu tunasema dereva tu. Mi naona hili ni jambo la aibu kidogo kwa mji wetu. Kazi ambayo mtu anabeba roho za watu sita kushuka ukuta wa Ngorongoro kwenye utelezi, anajua ndege kwa majina, anajua injini, anajua kingereza na wengine kifaransa, tunaiweka chini ya kazi ya kukaa kwenye kiti kinachozunguka. Madereva wa kike wameanza kuonekana hifadhini, bado wachache, na ukiwauliza watakwambia vita ya kwanza ilikuwa nyumbani, simba alikuja baadaye.

Ofisi nayo ikasikia nina leseni. Bosi akafurahi kupita kiasi. Ghafla benki naenda na gari, kupeleka makaratasi TRA naenda na gari, kumchukulia mtu wake viti Njiro ni mimi, mshahara ule ule. Nikanyamaza kwa sababu ukweli nilikuwa naipenda ile nusu saa ya kutoka. Halafu ikaja ya kwenda kupokea wageni uwanja wa ndege wa KIA usiku, dereva kapata dharura. Hapo nikagoma. Nilimwambia bosi leseni yangu ni daraja D, gari binafsi, wageni wanaolipa ni abiria wa biashara, hiyo inataka daraja C na kozi yake, tukisimamishwa Kikatiti au kukitokea ajali bima watatucheka. Akasema ni usiku nani atauliza. Nikasema mi ni mhasibu, kazi uliyoniajiri ni kuuliza. Akatafuta dereva mwingine, na kwa wiki hivi tukawa tunasalimiana kwa kifupi.

Ila ile kugoma ilinifungua. Nilijisikia nikisema daraja C kana kwamba ni kitu changu, kumbe nilishaanza kuulizia bila kujiambia, nimeshajua inabidi ukae na D muda kwanza, nimeshajua kozi ya magari ya abiria VETA wanayo na NIT, chuo cha usafirishaji, wanayo. Sijaacha kazi na siachi mwezi huu wala ujao, nina mkopo unakatwa kwenye mshahara na mdogo wangu yuko chuo. Ada ya kozi naiweka kwenye kibubu, benki sipeleki maana benki najua inavyoisha. Jumamosi nakaa na dereva wetu mmoja mzee gereji, ananionyesha difu, namna ya kubadilisha springi iliyokatika, namna ya kutumia jeki kwenye mchanga, mi namsaidia kupanga risiti zake ambazo kwa kweli ni janga. Mama sijamwambia tena, atakuja kuona.

Kama kuna dada yeyote wa Arusha au Moshi amepita hiyo kozi ya abiria akaingia kwenye magari ya watalii, naomba aniambie alianzaje, alipata wapi gari ya kujifunzia hifadhini, na hasa lo sizoni ya Aprili na Mei anaishije.