Mmetuchosha na Treni, Tuambieni Habari za Geti

Tarehe 2 Oktoba niliburutwa kwenda kwenye kongamano la amani hapa mjini Tanga. Ukumbi siutaji wala waandaaji siwataji, wenyewe wanajijua. Kulikuwa na fulana nyeupe zenye miwani ya duara kifuani, juisi za boksi, bango lililozidi ukuta, na mgeni rasmi aliyechelewa saa mbili nzima kisha akatusihi tujifunze uvumilivu. Akapanda mtoa mada. Akatupa habari za Gandhi, yule Mhindi wa mapambano ya bila kupiga: kijana wakili, tiketi ya daraja la kwanza, Wazungu, kushushwa kwenye treni Pietermaritzburg kule Afrika Kusini, baridi, usiku wa kutafakari stesheni. "Na asubuhi yake," akasema, akanyamaza kidogo tujiandae kupiga makofi, "aliamka akiwa Mahatma!"

Makofi yakapigwa, maana Mahatma ni mwenye roho kuu. Shangazi yangu, niliyempata kwa ahadi ya ile juisi, akaniinamia sikioni: "Mwanangu, na mkewe alikuwa wapi?"

Nikamwambia alibaki India na watoto. Akasema, "Ahaa." Wanaowajua wanawake wa Ngamiani wanaijua hiyo ahaa. Ukiijibu umeshindwa, ukinyamaza umeshindwa.

Hapo ndipo hasira ziliponianza, na mpaka leo sijazimaliza. Treni si uongo. Ilikuwa Juni 7, 1893, kijana ana miaka 23, ndiyo kwanza katua Durban kwa meli iliyomleta kupitia Lamu na Mombasa, akabadilisha meli Unguja, maana yake kapita kwenye bahari hii hii yetu. Usiku ule koti lake lilikuwa ndani ya mizigo na mizigo ilikuwa mikononi mwa watu wa reli, akaogopa kuliulizia asije akatukanwa tena. Akakaa na baridi yake mpaka kukacha. Safari ilipoendelea akapanda gari la farasi, na humo akachapwa makofi na msimamizi huku ameng'ang'ania vyuma vya shaba asiangushwe. Yote haya ni kweli na yanauma.

Lakini itazameni hadithi yenyewe ilivyokaa. Ubaya wote uko kwa mwingine. Wewe msikilizaji huna la kufanya isipokuwa kujiweka kwenye kiti cha Gandhi na kujihurumia, na ndani ya ukumbi ule kila mtu alikuwa na treni yake: huyu trafiki alimwonea, yule bosi alimpita kwenye cheo, mwingine mawifi. Tukatoka tumefurahi, tumeonewa wote, na hakuna aliyetakiwa kubadilika hata unywele. Kuonewa peke yake hakujamfanya mtu kuwa mpole. Wangapi hapa mjini wameonewa na walichojifunza ni namna ya kuonea?

Mimi nataka habari za geti. Alizisimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, hazikufukuliwa na maadui.

Ni mwaka 1898, Durban, miaka mitano baada ya ile treni ya miujiza. Bwana sasa ni wakili mwenye jina na nyumba yake, na makarani wake wa ofisini anaishi nao humo humo kama jamaa. Vyumba havina mfereji wa kutoa maji machafu, kwa hiyo kila chumba kina chombo cha kukojolea usiku. Wengi wanamwaga vyao wenyewe. Ila kuna karani mgeni, Mkristo, aliyezaliwa na wazazi wa lile tabaka ambalo Wahindu wa wakati huo hawakutaka hata kuligusa. Chombo chake lazima kiondolewe na wenye nyumba. Kasturba, mke, waliyeozwa naye wote wakiwa bado watoto, vya wengine anavibeba. Hiki hakiwezi. Kalelewa tangu utotoni kwamba ni najisi. Na kumwona mumewe akikibeba vilevile hawezi.

Akakibeba. Anashuka ngazi, kakishika mkononi, macho mekundu, machozi yanamtiririka. Na mumewe, jamani, hakuridhika! Alitaka akibebe kwa uso wa furaha. Akamfokea kwamba upuuzi huo hautaki ndani ya nyumba yake. Mama akamrudishia: basi kaa na nyumba yako, niache niende zangu. Mtume wa amani wa dunia nzima akamkamata mkewe mkono, akamburuta mpaka kwenye geti, akaanza kulifungua ili amsukume nje.

Kasturba akamwambia, huku analia, huna haya? Niende wapi? Hapa sina baba wala mama wala ndugu. Funga geti, watu wasije wakatuona tuko hivi.

Nilipomsimulia Shangazi hapa, ndani ya daladala la kurudia, aliguna mpaka mtu wa kiti cha mbele akageuka. Maana maneno hayo anayajua. Mwanamke anasukumwa nje ya nyumba yake na bado yeye ndiye anayebeba kazi ya kuisitiri. Gandhi anasema alijikaza usoni, lakini moyoni aliona aibu, akalifunga geti.

Sasa lililonikaa rohoni ni hili. Siku ile Gandhi alikuwa na haki. Habari ya kumwita binadamu mwenzako najisi ni dhuluma, na yeye alikuwa anaipinga, na alikuwa sahihi asilimia mia. Alimburuta mke kwa jina la usawa wa binadamu! Kwenye treni alikuwa ameonewa, na aliyeonewa hana shida ya kujijua kuwa ni mwema. Getini alikuwa na haki, na haki ndiyo iliyompa nguvu ya mkono. Mimi naamini aliyebadilika alibadilika hapo, alipouona mkono wake umeshika mkono wa mtu asiye na pa kwenda, na kinywa chake kimejaa maneno ya kweli. Baadaye uzeeni alikiri kwamba mwalimu wake wa mapambano haya ya bila kupiga alikuwa mkewe. Hilo mtoa mada wetu hakulifikia, muda ulikwisha, ilibidi tupige picha.

Mtaani kwetu alikuwepo mzee mmoja, Mungu amrehemu, msuluhishi wa mitaa yote. Ndoa ikiyumba anaitwa yeye, mirathi ikileta fitina anaitwa yeye, na kwa kweli alizimaliza, ulimi wa asali. Jioni akirudi, kengele ya baiskeli yake ikilia tu pale kona, nyumbani kwake redio inazimwa, watoto wanatoka barazani wanaingia ndani, na mkewe anafunga kanga upya na kuanza kupangusa meza aliyokwisha kuipangusa. Sisi watoto wa jirani tulikuwa tunaicheka ile meza. Nyani haoni kundule, ndiyo, lakini mzee yule ninaamini hakuwahi hata kudhani kuna cha kuona. Alikuwa na haki daima, na kila mtu mtaani alimthibitishia.

Na geti nalo, msije mkaligeuza kuwa treni ya pili. Hakuamka Mahatma kesho yake. Mwaka 1906, Wazulu wa Natal walipoinuka na chifu Bambatha juu ya kodi, Gandhi alivaa sare upande wa Waingereza, akaongoza kikosi kidogo cha Wahindi wa kubeba majeruhi. Akakuta wengi wa aliopewa kuwauguza hawakujeruhiwa vitani. Ni Wazulu waliochapwa mijeledi, vidonda vimeoza, na wauguzi wa Kizungu hawataki kuvigusa. Akawa anaviosha yeye. Katika matembezi marefu ya huko vilimani ndipo alipoamua nadhiri zake za kujinyima, na Septemba 11 mwaka huo huo, Johannesburg, Wahindi wakaapa kwa Mungu kutoitii sheria ya kuwaandikisha kama wahalifu. Kutoka stesheni mpaka kiapo ni miaka 13. Hiyo ndiyo "asubuhi yake".

Kasturba mwenyewe hakubaki kuwa wa kuburutwa. Mwaka 1913 jaji wa Cape alitoa hukumu ambayo maana yake ni kwamba ndoa isiyofungwa Kikristo haihesabiki, na kesi yenyewe ilihusu ndoa ya Kiislamu. Kwa hukumu hiyo yeye naye hakuwa mke, alikuwa hawara. Septemba akaenda jela, miezi mitatu na kazi ngumu, kwa hiari yake. Alifariki Februari 1944 kizuizini Pune, mikononi mwa Waingereza. Kwenye fulana hayumo.

Kuna watakaoniambia hayo ni mambo ya Wahindu. Someni habari za Abdul Ghaffar Khan, Mpashtuni wa mpakani mwa India ya wakati huo na Afghanistan, Mwislamu wa sala tano, jitu la miraba minne kutoka kwenye watu wa kisasi na bunduki. Mwaka 1929 alianzisha jeshi lisilo na silaha, Khudai Khidmatgar, watumishi wa Mungu, na kila aliyejiunga aliapa kutolipiza kisasi. Aprili 1930 walipigwa risasi Peshawar, na kiapo kikashika. Yeye alisema subira hiyo kaipata kwa Mtume alipokuwa Makka. Martin Luther King naye, mpigania haki za weusi wa Marekani, kule Montgomery mwaka 1956, katikati ya mgomo wa mabasi, bado alikuwa na bunduki ndani ya nyumba. Hakuna aliyezaliwa nayo hii.

Haya, na ya kumtoa Gandhi kasoro niyaseme, maana mtayasema nyinyi. Miaka yake ya mwanzo Afrika Kusini aliandika maneno ya dharau juu ya sisi weusi, na sanamu yake ikaondolewa chuoni Legon, Ghana, Desemba 2018. Sina ugomvi na walioiondoa. Agosti 1914 alikuwa London akikusanya watu wa kuwahudumia majeruhi wa Mwingereza, na Novemba mwaka huo huo askari wa Kihindi wakashushwa hapa kwetu Tanga kufa kwa risasi za askari wa Mjerumani na kufukuzwa na nyuki, vita isiyokuwa yao wala yetu. Mwaka 1918 alizunguka vijiji vya Gujarat kuandikisha wanajeshi, kwa miguu yake. Mwanawe mkubwa, Harilal, alikataliwa na baba yake kwenda kusomea sheria Uingereza, kijana akaharibikiwa na akafa hawaelewani. Baba wa taifa la India, nyumbani hoi. Sitetei.

Ila nikifikiria Chauri Chaura ninanyamaza. Februari 1922, India nzima imesimama, serikali ya Mwingereza imeanza kutetereka. Mji mdogo mmoja, polisi wanawafyatulia waandamanaji, umati unalipiza kwa kuchoma kituo na polisi zaidi ya 20 ndani. Gandhi akasimamisha harakati zote. Wenzake waliokuwa jela walikasirika, na ningekuwa mimi ningekasirika. Walikuwa na haki, na ushindi ulikuwa unanukia. Akafunga siku tano bila kula. Kiongozi wa kuonewa tu asingeweza kufanya vile, kwa sababu aliyeonewa siku zote anaweza kusema, "Wao ndio walioanza." Aliyeweza ni yule aliyewahi kujiona, na haki yake mkononi, akimsukuma mtu nje ya geti.

Nimalizie na rula, kwa sababu kwenye kongamano nusu ya viti walikaa walimu. Katika shamba lao la Tolstoy, karibu na Johannesburg, Gandhi alikuwa anafundisha watoto. Kijana mmoja mkubwa, mwongo, mgomvi, akamshinda. Siku moja Gandhi akachukua rula akampiga mkononi. Anasema alipiga huku anatetemeka. Kijana akalia, akaomba radhi, na wala hakuumia sana, angetaka angemkunja mwalimu wake mara mbili. Matokeo mazuri kabisa, mwalimu yeyote angesema "mnaona?" Gandhi aliandika kwamba anajuta bado, kwamba siku ile alimwonyesha mtoto mnyama aliyemo ndani yake.

Sisi tuna kanuni: viboko visizidi vinne, mwalimu mkuu atoe idhini, viandikwe kwenye kitabu. Kisha nenda ukasimame nje ya shule yoyote asubuhi, watoto wamechelewa kwa sababu daladala hazipakii wanafunzi, uhesabu mwenyewe. Na aliyeshika fimbo ana haki, mtoto kachelewa kweli.

Walimu mnaonisoma najua mtanijia juu. Wengine nimesoma nanyi, wengine mnanifundishia watoto. Njooni tu, barazani kwangu kahawa ipo na kashata ipo. Ila mje na hicho kitabu cha viboko, tutazame mara ya mwisho kiliandikwa lini.